Tairi, springi au winchi: ulinganisho wa vifaa vya gari la porini

Land Cruiser 79, Prado 150 au Hilux ikitoka kiwandani inapita njia nyingi za Afrika Mashariki bila kubadilishwa kitu. Kinachoanza kushindwa huwa ni tairi, zinafuata shokapu, kisha unakuja uzito ambao mwenye gari ameuongeza mwenyewe kwa kununua vifaa. Hapa tunalinganisha vifaa kwa kufuata mpangilio huo wa matatizo. Tumekaa zaidi pale ambapo uamuzi mbaya unakula pesa au unahatarisha maisha, na mambo madogo tumeyapitia haraka.

Kwanza piga hesabu ya kilo

Chukua Hilux ya milango minne inayoruhusiwa kubeba karibu tani moja, watu wakiwemo. Bampa la chuma ni kilo 60 hadi 80. Winchi na waya wake ni karibu 40. Keria ya chuma 50, hema la juu ya paa 60, betri ya pili 28, spea ya pili 35. Lita 60 za maji ni kilo 60, na lita 40 za dizeli ni karibu kilo 34 bila kuhesabu madumu. Ukijumlisha unakaribia kilo 380. Weka watu wanne wa kilo 75, umefika 680. Friji, vyakula, mabegi, zana na kuni vinagombania kilo 300 zilizobaki, na sehemu kubwa ya mzigo huo inakaa nyuma ya ekseli ya nyuma au juu ya paa, mahali pabaya kuliko pote.

Kwa hiyo swali la kila kifaa ni lile lile: kina kilo ngapi, zitakaa wapi, na kitatumika mara ngapi? Kifaa kizuri kinachobebwa mwaka mzima bila kutumika kinakula dizeli, springi na breki bure.

Tairi: AT au MT

Hapa ndipo pesa ya kwanza inapotakiwa kwenda. AT ni tairi za njia zote, meno yake yamekaribiana. MT ni tairi za matope, zenye meno makubwa na nafasi pana katikati. Maduka mengi yanapenda kukuuzia MT kwa sababu gari linaonekana kali, lakini angalia ardhi unayopita:

| Ardhi | AT | MT |
|---|---|---|
| Lami kavu | Kimya, huisha taratibu | Kelele, huisha haraka, meno huliwa upande mmoja |
| Lami iliyolowa | Hushika vizuri | Breki huchelewa, kona zinahitaji uangalifu |
| Moramu na changarawe | Nzuri sana | Nzuri, ila gari hutetemeka zaidi |
| Udongo mweusi wa mbuga uliolowa | Meno hujaa tope, tairi inakuwa laini pande zote | Hutema tope ikizunguka, huendelea kuvuta |
| Mchanga | Nzuri ukipunguza upepo | Huchimba shimo haraka ukikanyaga mafuta |
| Mawe makali | Inategemea ubavu wa tairi | Mara nyingi ubavu ni mzito zaidi |

Anayeishi kwa kuingia Serengeti, Katavi au Maasai Mara wakati wa masika, na hana hiari ya kusubiri jua likaushe njia, anahitaji MT. Udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa unanata kwenye tairi tabaka juu ya tabaka mpaka gurudumu linagusa matao ya bodi, na hakuna AT inayojisafisha hapo. Lakini gari linalotembea lami kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, kisha moramu mpaka Ruaha wakati wa kiangazi, litafurahia AT kila siku ya safari. Kwa wengi wanaosoma hapa, AT nzuri yenye ubavu mzito ndiyo jibu.

Kuhusu huo ubavu. Herufi LT mbele ya saizi, mfano LT265/75R16, zinaonyesha tairi iliyojengwa kwa magari ya mizigo. Tazama namba ya uzito pembeni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 116 ni 1,250, 120 ni 1,400 na 123 ni 1,550. Tairi ya kawaida ya SUV na tairi ya LT zinaweza kuwa na meno yale yale na jina lile lile, lakini kwenye mawe ya lava kuelekea Loiyangalani au kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, ile ya kwanza inapasuka ubavu na ya pili inapita. Pancha ya kwenye meno inazibwa kwa ufito wa mpira ndani ya dakika kumi bila kuvua tairi. Ubavu uliochanika hauzibiki hivyo. Hapo ni spea, na kama spea imeshatumika, safari imeishia hapo.

Kabla ya kulipa, tafuta neno DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa dukani juani miaka sita ina meno mapya na mpira mzee.

Tairi za 7.50R16 za tyubu, zile za Land Cruiser za kazi zenye rimu za vipande, bado zina watetezi wengi, na wana sababu. Fundi yeyote wa pancha kijijini ana tyubu na kiraka chake, na tairi hufunguliwa kwa vyuma viwili bila mashine. Ubaya wake ni miwili. Ukipunguza upepo sana kwa ajili ya mchanga, tyubu inasuguana na tairi, inapata moto na kukatika kwenye vali. Pia ile pete ya rimu ikiwa imeliwa na kutu au haikukaa sawasawa, inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kuua mtu. Funga rimu kwa mnyororo, ilaze pete ikiangalia chini, tumia mpira mrefu wa upepo na usimame mbali. Anayepita mchangani mara kwa mara ahamie kwenye rimu za tyublesi. Anayebeba mzigo mzito kwenye moramu vijijini anaweza kubaki na 7.50.

Saizi nayo ina mipaka. Hilux yenye 265/65R17 ina tairi ya kipenyo cha milimita 776. Ukiweka 265/70R17 unapata 803, na spidomita ikisoma 100 gari linaenda 103. Hiyo inavumilika. Ukiweka 285/70R17 unafika 831, spidomita inadanganya kwa asilimia 7, gia zinakuwa nzito mlimani, breki zinafanya kazi zaidi na tairi inaanza kugusa matao ukikata kona. Kumbuka pia rimu haziazimani ovyo: Prado na Hilux zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, Land Cruiser 70 za tangu 1999 zina nati tano kwenye 150. Spesa za kupanua upana wa magurudumu ziache dukani, kwani zinaongeza mzigo kwenye bearing na stadi.

Upepo ndio kifaa cha bei rahisi kuliko vyote

Kompresa na kipimo cha upepo vinafanya kazi kubwa kuliko vifaa vingi vya bei mara kumi. Kwa Prado au Hilux yenye mzigo wa kiasi, psi 32 hadi 36 kwenye lami, 26 hadi 28 kwenye moramu yenye vijituta vilivyopangana kama bati, 16 hadi 18 kwenye mchanga laini. Chini ya 15 tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona ghafla. Ukishusha upepo shusha na mwendo. Tairi laini kwenye mwendo wa 80 inapata moto na kujifungua tabaka.

Namna ya kujua kama umepatia: pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, endesha kwa saa moja, pima tena. Kupanda kwa psi 4 kwa tairi za kawaida, au hadi 6 kwa LT, ni sawa. Ikipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo, au mzigo ni mkubwa, au mwendo ni mkali. Ikipanda kidogo sana, upepo ulikuwa mwingi.

Kwenye kompresa, angalia lita kwa dakika na uache kabisa namba kubwa ya psi iliyoandikwa kwenye boksi. Ya lita 70 kwa dakika ikijaza tairi nne kubwa inakuweka juani muda mrefu na kuzimika kwa joto njiani. Ya lita 160 inatosha familia. Zote kubwa huunganishwa moja kwa moja kwenye betri. Kwenye tundu la kuwashia sigara zitaunguza fyuzi.

Springi na shokapu

Watu wengi wanataka gari liinuke. Kinachohitajika ni gari libebe mzigo wake likiwa usawa na shokapu zisichemke. Kuna njia tatu zinazoonekana gereji, na hazilingani.

Ya kwanza ni spesa, vipande vya plastiki au alumini vinavyowekwa juu ya springi. Gari linainuka sentimita tatu hadi tano kwa gharama ndogo. Uwezo wa kubeba haujabadilika hata kidogo, shokapu za zamani zinakuwa zimevutika tayari, na zikifika mwisho wake kwenye shimo zinajivuta zenyewe mpaka kufa. Kwa gari la mjini linalotaka sura, sawa. Kwa porini hapana.

Ya pili ni kuongeza bapa kwenye springi za nyuma kwa fundi wa mtaani. Ni njia ya zamani na inafanya kazi ikiwa bapa ni la springi ya aina ile ile na lina mkunjo ule ule. Bapa la chakavu lililotolewa gari lingine halikai sambamba na wenzake. Linabeba mzigo katikati tu, na huko ndiko linakovunjika, kwenye tundu la bolti ya kati. Mwambie fundi akuonyeshe yakiwa yamepangwa mezani kabla hayajafungwa.

Ya tatu ni seti kamili ya springi na shokapu, kama zile za Old Man Emu, Ironman au Tough Dog kutoka Australia. Hapa kosa kubwa ni kuchagua springi kwa mzigo wa siku moja kwa mwaka. Watengenezaji wanazipanga kwa mzigo wa kudumu: gari tupu, au kilo 200 za kudumu, au 400 na zaidi. Mzigo wa kudumu ni ule usioshuka garini, yaani bampa, keria, betri, makabati. Ukifunga springi ya kilo 400 kwenye gari linalotembea tupu, nyuma inarukaruka, tairi inapoteza mshiko kwenye moramu, na shokapu hupigwa mpaka vishikizo vyake vinachanika.

Urefu wa milimita 40 hadi 50 unatosha. Kwenye Prado na Hilux, zaidi ya hapo sivi jointi za mbele (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu) zinafanya kazi zikiwa zimepinda sana, buti zinachanika na vumbi linaingia. Kwenye Land Cruiser 79 na Defender za zamani zenye ekseli nzima mbele, kuinua kunazungusha ekseli na kupunguza kasta, yaani mwegemeo unaoufanya usukani ujirudishe, kwa digrii 1 hadi 2. Dalili ni gari kuyumbayumba kwenye lami na usukani kutojirudisha baada ya kona. Bushi za kurekebisha kasta zinamaliza tatizo hilo, na bila hizo alaimenti peke yake haisaidii.

Shokapu za mrija mmoja zenye gesi zinapoa haraka, kwa hiyo kwenye saa nyingi za vijituta hazichoki. Za mirija miwili mafuta yake yanapata moto na kutoa povu, na gari linaanza kuelea. Lakini jiwe likigonga shokapu ya mrija mmoja likaacha bonde, pistoni inakwama hapo hapo, kwa sababu ukuta wa nje ndio huo huo inamotembea. Ya mirija miwili inabonyea nje na kuendelea na kazi. Kwa anayekimbia umbali mrefu kwenye moramu, mrija mmoja. Kwa anayetambaa kwenye mawe, mirija miwili minene, na asimame kuigusa kila baada ya saa moja au mbili: ikiunguza mkono, ipumzishe.

Onyo kuhusu mipira ya upepo inayofungwa kati ya chasisi na springi za bapa ili kuinua nyuma ya pikapu. Springi huugawa mzigo kwenye ncha zake mbili, mbele na nyuma. Mpira unauweka wote katikati, mahali ambapo chasisi haikujengwa kupokea. Pikapu za milango minne zenye mipira hiyo, mzigo mwingi nyuma na trela zimepinda chasisi nyuma ya kibanda. Ukiihitaji ili gari likae sawa, gari limezidiwa.

Kujinasua: winchi, mbao za kukanyagia au kamba

Winchi inavutia kuliko kifaa chochote, na kwenye msitu wa Usambara au Aberdare ni ya thamani kweli. Lakini winchi inahitaji kitu cha kushika. Kwenye nyanda za Serengeti, kwenye jangwa la Chalbi, au pembezoni mwa Natron, mti wa karibu unaweza kuwa kilomita kadhaa. Hapo utalazimika kuchimba shimo la karibu mita moja, kuzika spea ikiwa imesimama wima na kuvuta taratibu. Inawezekana, na ni kazi ya nusu siku.

Ukinunua, uwezo wake uwe angalau mara 1.5 ya uzito wa gari likiwa limebeba. Prado ya tani 2.8 inaanzia kwenye winchi ya ratili 9,500 (kilo 4,309). Land Cruiser iliyofika tani 3.3 inahitaji ya 12,000 (kilo 5,443). Namba hiyo ni ya tabaka la kwanza la waya kwenye ngoma tu. Kila tabaka linaloongezeka linapunguza nguvu, na ukifika la nne umepoteza karibu theluthi. Ndiyo maana puli ni ya lazima: inakulazimisha kutoa waya mwingi, kisha inaongeza nguvu karibu mara mbili huku mwendo ukipungua nusu. Winchi ikivuta kwa nguvu zote inakula ampea 400 hivi, wakati altaneta inatoa 80 hadi 130. Injini iwe inaunguruma, vuta kwa vipindi vifupi, pumzisha.

Waya wa chuma au kamba ya sintetiki isiyovutika? Waya unavumilia jua, mchanga na kusuguana na mawe, ila ni mzito, unachoma mikono kwa nyuzi zilizokatika, na ukikatika unarudi kwa nguvu ya kukata mtu. Kamba ni nyepesi, haihifadhi nguvu nyingi ikikatika, na inaweza kuungwa porini. Adui zake ni jua, mchanga ulioingia ndani ya nyuzi, na joto la breki iliyo ndani ya ngoma unapoteremsha gari. Ukichagua kamba, ioshe kwa maji mengi baada ya kila tope, ifunike, na ubadilishe rola za mbele ziwe mdomo laini wa alumini, kwa sababu rola zilizochubuliwa na waya zitaikata.

Sasa weka pembeni yake mbao mbili za plastiki za kukanyagia, koleo, na kompresa uliyonayo tayari. Uzito wote hauzidi kilo 15. Kwa mchanga, seti hii inashinda winchi karibu kila mara. Hatua ni hizi: shusha upepo hadi 16, chimba mbele ya magurudumu yote manne na toa mchanga uliogusa difu na ekseli, chomeka mbao chini ya tairi kadiri zinavyoingia, weka 4L (gia nzito za magurudumu manne) gia ya pili, toka polepole bila kuzungusha. Gurudumu likizunguka juu ya ubao, meno ya plastiki yanayeyuka kwa sekunde chache, na mbao za bei rahisi zinaisha siku ya kwanza. Kwenye udongo wa mbuga mbao zinazama. Weka matawi chini yake, au ngoja jua la saa nne hadi saa nane likusaidie. Kusubiri nako ni mbinu.

Magari yakiwa mawili, kamba inayovutika ndiyo ya haraka kuliko yote. Ya tani 8 inafaa Prado na Hilux. Magari mazito yachukue ya tani 11. Mnyororo au waya usiovutika usitumike kwa kuvuta kwa kasi, kwani mshtuko wote unaingia kwenye chasisi. Na usifunge kamba kwenye mpira wa chuma wa kuvutia trela hata siku moja. Mpira huo ukikatika unaruka kama risasi, na umeshaua watu. Vile vishikizo vidogo vya chini ya bampa ni vya kufungia gari melini, havikuwekwa kwa kuvutia. Tafuta sehemu zilizofungwa kwenye chasisi kwa bolti mbili au zaidi, na shakeli zenye maandishi ya uwezo, mfano WLL 4.75T. Kaza pini yake kabisa, kisha rudisha robo mzunguko ili isigande. Watazamaji wasimame mbali, kando, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba.

Jeki ndefu ya Hi-Lift inabeba karibu kilo 2,100 na inafanya mengi, lakini Prado au Hilux yenye bampa la plastiki haina pa kuishika. Bila bampa la chuma au bomba za pembeni zilizofungwa kwenye chasisi, jeki ya mafuta na kipande cha ubao wa sentimita 30 kwa 30 chini yake ni salama zaidi.

Difu loki

Difu loki inayafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja. Kama gari lako lilikuja na ya nyuma, una kinachotosha. Prado zenye mfumo wa kubana breki ya gurudumu linalozunguka zinapita sehemu nyingi, ila breki zinapata moto. Loki ya hewa ya kampuni ya ARB inafungwa na kufunguliwa ukitaka, na inahitaji kompresa na mpira mwembamba wa hewa ambao jiwe linaweza kuukata. Loki ya umeme haina mpira huo. Zile zinazojifunga zenyewe ni rahisi, lakini zikiwekwa mbele zinauvuta usukani. Ukilazimika kuchagua kati ya loki ya nyuma na winchi, chukua loki, kwani inazuia kukwama.

Snokeli

Snokeli ni bomba linaloipa injini hewa kutoka juu ya paa. Faida yake kubwa hapa kwetu ni kukwepa vumbi. Msafara wa magari matano kwenye vumbi la Ndutu unaziba filta haraka, na hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ile ya pembeni ya taa. Kichwa cha kimbunga chenye bakuli kinakamata vumbi kabla halijafika kwenye filta; kichwa cha kawaida kinachoangalia mbele kinafaa magari yanayotembea peke yake. Filta ibaki ya karatasi ya asili, ipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo.

Kwa maji, snokeli peke yake haifanyi gari kuwa boti. Hilux na Prado zimepangiwa kina cha milimita 700, na kikwazo kinachofuata ni vipumulio vya difu. Difu iliyopata moto ikiingia kwenye maji baridi inavuta hewa. Kipumulio kikiwa chini, inavuta maji na mafuta yanageuka kuwa kama maziwa. Mipira ya kuvipandisha mpaka chumba cha injini inagharimu kidogo kuliko snokeli na ifungwe kwanza. Na pima kazi ya fundi: injini ikiwa inaunguruma, ziba mdomo wa snokeli kwa kiganja. Injini ikizima, viungo viko sawa. Ikiendelea, hewa inaingia mahali pengine, na maji yatapita hapo hapo, na maji hayabanwi ndani ya silinda. Kinachopinda ni koneti rodi, chuma kinachoshika pistoni.

Umeme wa pili, taa, keria

Friji ya lita 40 hadi 50 kwenye joto letu inakula ampea-saa 30 hadi 40 kwa siku. Betri ya AGM (ya risasi, iliyozibwa) ya ampea-saa 100 itumike nusu tu, hivyo inakupa siku moja na kidogo kwa kilo 30. Ya lithiamu ya 100 inakupa siku mbili kwa kilo 13, ila isikae chumba cha injini. Land Cruiser ya injini ya 1HZ ina altaneta inayotoa volti bila kubadilika, kwa hiyo rilei ya kutenganisha betri inatosha. Magari mapya yanayoshusha volti ili kuokoa mafuta, na betri yoyote ya lithiamu, yanahitaji chaja ya DC kwa DC. Fyuzi iwe karibu na kila betri, ncha zote mbili za waya mkubwa. Friji ikizima wakati betri imejaa, lawama ni ya waya mwembamba. Weka wa milimita mraba 6 kwa friji na 16 hadi 25 kati ya betri.

Bampa la chuma linafaa kwa anayetembea usiku kwenye njia za wanyama na anayefunga winchi. La alumini linaokoa karibu nusu ya uzito lakini halinyooshwi likipinda. Kama mkoba wa hewa (airbag) upo, bampa liwe limetengenezwa kwa gari hilo hilo. Kinga ya chini ya injini na giaboksi ni bora kuliko bampa kwa anayepita mawe.

Taa ndefu za LED juu ya paa zinaangaza boneti na vumbi, macho yanachoka. Mbili za njano chini ya bampa zinapenya vumbi vizuri zaidi. Keria: soma kitabu cha gari, kisha toa uzito wa keria yenyewe kwenye kiwango kilichoandikwa. Spea na madumu ya mafuta visikae juu.

Baada ya kufunga

Kaza nati za magurudumu tena baada ya kilomita 50 hadi 100, na yu-bolti za springi za bapa baada ya 500, kwa sababu springi mpya zinajipanga na yu-bolti zinalegea. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake. Fundi akizikaza gari likiwa limening'inia kwenye jeki, bushi zinaanza kazi zikiwa zimejisokota, na ndani ya miezi michache zinachanika hata kama ni mpya kabisa.